Ulitoka Kwenye Maonyesho ya Picha Bila Kuguswa?

Msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nimekwenda kwenye maonyesho ya picha za maisha halisi, nikazunguka ukumbi mzima, nikatoka sijaguswa na chochote. Nina kasoro?"

Huna. Ulikwenda mbio tu, kama mimi.

Wiki iliyopita nami niliingia kwenye maonyesho ya aina hiyo. Picha za mwanzo nilizipita kama mkaguzi wa tiketi: mwanga sawa, hii imekatwa vibaya, ile ningeipiga vizuri zaidi. (Wapiga picha tuna majivuno, tusamehe.) Kisha nikamfikia yule mama aliyepigwa picha na Mmarekani Dorothea Lange huko Nipomo, California, mwaka 1936. Mkono shavuni, watoto wawili wameficha nyuso mabegani mwake. Kwenye simu nimeiona picha hiyo mara nyingi mno. Pale ukutani ndipo nilipogundua kwamba nguo yake imechanika mkononi, na kwamba kuna kichanga mapajani!

Lange hakumwuliza jina. Dunia ilikuja kujua kwamba ni Florence Owens Thompson mwaka 1978, miaka 42 baadaye, naye akilalamika kwamba hakupata hata senti moja kutokana na picha ile.

Kidonda changu kikatoneshwa. Miaka michache nyuma picha yangu ya mzee mshona viatu ilitundikwa kwenye maonyesho madogo. Nikavaa nikapendeza, nikasimama kando yake kungoja pongezi, na zilikuja nyingi, sisemi uongo. Mpaka dada mmoja aliponiuliza, "Anaitwa nani?" Nikajitia hekima: "Huyu ni kila mfanyakazi." Akanitazama, akaenda zake. Nikikumbuka, masikio bado yananiwaka moto.

Kwa hiyo punguza mwendo. Chagua picha tatu tu, ukae nazo. Tazama kwanza, soma maelezo, kisha tazama tena. Simu ibaki mfukoni. Nawe unayepiga picha, uliza jina! Ukiona haya kumwuliza mtu jina lake, uione haya hiyo hiyo kabla ya kumpiga picha. Na punguza mwendo, narudia.

Baada ya maonyesho yale nilirudi kumtafuta mzee wangu. Mahali pake palikuwa na kijana.

"Unamtafuta nani?" akaniuliza.

Nikatoa simu, nikamwonyesha picha.