Mahudhurio, Fea na Mlango wa Nyuma: Maswali Yenu ya Mwezi Huu

Barua zimeongezeka tangu mafunzo ya mwezi uliopita hapa Kisumu ya vijana wa LGBTQ (wapendao jinsia yao, waliobadili jinsia na wenzao) kuhusu haki zao, na karibu nusu yake zina swali moja. Naanza nalo ili tulizike.

Kutakuwa na fea? Na posho ni ngapi? (Wengi mno, kutoka Nyalenda hadi Kakamega)

Fea ipo, ya kuja na ya kurudi. Posho haipo. Tangu Marekani ilipofunga mfereji wa misaada Januari 2025, kuna kliniki zilizokuwa zikiwahudumia vijana wetu ambazo zimefunga milango, halafu wewe unaniuliza bahasha. Baki nyumbani.

Chifu wetu anasema hatuwezi kukutana bila kibali chake, na kwamba vikundi vya LGBTQ vimepigwa marufuku Kenya. Ni kweli? (Kijana, Manyatta)

Chifu amekosea mara mbili. Sheria ya Utulivu wa Umma inahusu mikutano ya hadhara na maandamano, na hata hapo haidai ombi, inadai taarifa: mkuu wa kituo cha polisi ajulishwe si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Watu ishirini walioalikwa kwa majina, ndani ya chumba mlichokilipia, hawana tofauti na chama cha akina mama kinachozungusha pesa Jumapili jioni.

Hiyo marufuku nayo sijui ameisoma wapi. Mwanaharakati Eric Gitari alikwenda mahakamani mwaka 2013 baada ya ofisi ya usajili kukataa hata majina aliyopendekeza kwa shirika lake, ambalo leo linajulikana kama NGLHRC, la kutetea haki za watu wa LGBTQ. Alishinda Mahakama Kuu 2015, akashinda Mahakama ya Rufaa 2019, na tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu ikampa haki, majaji 3 kwa 2: kuwanyima watu nafasi ya kujumuika kwa sababu ya mwelekeo wao wa kimapenzi ni ubaguzi. Mbunge wa Homa Bay Mjini, Peter Kaluma, aliomba uamuzi huo uangaliwe upya. Septemba mwaka huohuo ombi lake likatupwa.

Sasa sehemu ambayo vijana hawapendi kuisikia. Vifungu 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu viko palepale, kimoja na kifungo cha hadi miaka 14, kingine miaka 5, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta. Vinahusu vitendo. Havisemi lolote kuhusu kukaa, kunywa chai na kuzungumza. Afisa akikwambia anakukamata "kwa kuwa shoga", hilo ni kosa ambalo halimo kwenye kitabu chake.

Mwendeeni chifu mkiwa wawili, mmoja awe mtu mzima anayeheshimika mtaani. Mwambieni ni kikao cha vijana kuhusu afya na haki zao, kisha mwondoke. Msibishane naye Katiba. Mara nyingi chifu hana ugomvi na Katiba. Anachoogopa ni DCC, naibu kamishna wa kaunti aliye bosi wake, kumpigia simu usiku akiulizwa kuna nini mtaani kwake.

Mnalipwa na wazungu muharibu watoto wetu? (Hakuweka jina)

Hapana. Na watoto hatuwachukui, kama utakavyoona ukiendelea kusoma.

Mwanangu wa kiume ana miaka 16. Baba yake aliona jumbe kwenye simu yake na anataka kumpeleka kwa bibi yake kijijini akaombewe. Mnaweza kumchukua kwa mafunzo yenu badala yake? (Mama, Nyamasaria)

Mama, asante kwa kuandika kabla hajapelekwa. Wengine hutuandikia baadaye.

Hatumchukui aliye chini ya miaka 18, awe na ruhusa ya mzazi au asiwe nayo. Kuna watu wanaosubiri tu mtoto mmoja aonekane mlangoni kwetu, na hatutawapa hiyo furaha. Lakini hata ingewezekana, mwanao hahitaji mafunzo ya uanaharakati akiwa na miaka 16. Anahitaji kujua kwamba kesho kitanda chake kitakuwa palepale na karo italipwa. Mwambie hivyo wewe mwenyewe, mkiwa mnapika au mnaanua nguo, bila kikao cha familia. Usimdai majina ya wenzake. Mrudishie simu.

Kuhusu kijijini, simlaumu bibi. Ninaowahofia ni wale watakaoitwa na bibi. Maombi ya aina hiyo huanza kwa zaburi, yakaingia mfungo wa siku kadhaa, na mara nyingine fimbo. Kumtesa mtoto kwa jina la kumrekebisha ni kosa chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, awe ni mchungaji, mganga au mjomba. Namba 116 hupigwa bure, mchana na usiku, nawe mzazi unaweza kuipiga.

Anayepaswa kuja kwetu ni wewe, na mumeo ukimweza. Tuna kikao cha wazazi. Kuna baba mmoja aliyekuja mara ya kwanza akakaa karibu na mlango saa nzima na helmeti ya pikipiki kichwani, hakuinua macho, chai ikapoa mbele yake. Siku hizi ndiye anayewapigia simu wazazi wageni kuwauliza kama wamefika nyumbani salama.

Mfadhili anataka picha za washiriki pamoja na orodha yenye majina, namba za vitambulisho, simu na sahihi. Tufanyeje? (Afisa wa mradi, Nakuru)

Mkatalieni.

Hiyo karatasi naijua vizuri. Juu, kwa herufi nzito, limeandikwa jina la mradi, na neno LGBTQ limo ndani yake. Chini kuna safu: jina, kitambulisho, simu, sahihi. Inazunguka meza hadi meza ikiokota madoa ya chai, na kila anayesaini anawasoma wote waliomtangulia. Ikifika saa kumi jioni watu wanakimbilia matatu, karatasi inabaki chini ya sahani ya mandazi ikimsubiri mhudumu wa hoteli, ambaye ana shemeji, ambaye ana kundi la WhatsApp. Nimeiokota mwenyewe zaidi ya mara moja. Mtu akitaka kutukamata sote siku moja hana haja ya jasusi, orodha tumeshamwandikia kwa kalamu ya mradi.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inauhesabu mwelekeo wa kimapenzi kuwa taarifa nyeti. Mwambieni mfadhili hivyo kwa barua, mkiitaja sheria kwa jina, na mtashangaa jinsi anavyolainika. Mpeni namba badala ya majina, na ufunguo wa namba hizo awe nao mtu mmoja, mbali na ofisi. Kusaini fea kuwe kwenye fomu nyingine isiyo na jina la mradi. Mkaguzi wa hesabu akitaka kujua kama watu 25 walikuja, risiti ya chakula cha watu 25 inamtosha.

Picha ndiyo kabisa. Mtaniambia mnapiga migongo tu. Kisumu na Nakuru watu wanajuana kwa rasta na viatu! Pigeni picha ya karatasi za ukutani, yatosha. Simu za washiriki ziwekwe kwenye kapu mlangoni, na za waandaaji ziwe za kwanza kuingia humo, maana ninaowakuta wakijipiga selfi na mahali pakiwa pameandikwa chini si vijana, ni maafisa wa miradi. Mfadhili anayeng'ang'ania sura ya kijana wa Kaptembwo ili ripoti yake ya mwaka ipendeze aende akapige picha za twiga.

Mimi ni mwendesha boda. Si wa jamii hiyo, ila ndugu yangu ni wa huko. Nataka kusaidia lakini naogopa stejini wataniita majina. (Kondele)

Usihubiri stejini. Beba watu. Kikao kikiisha jioni tunahitaji waendeshaji tunaowajua, wasiomuuliza abiria alikuwa akifanya nini mle ndani wala kumsimulia abiria anayefuata. Vichekesho vikianza stejini, "huyo ni mtu wa kwetu, mwacheni" ni hotuba ya kutosha. Na siku mtu atakapozingirwa kwa sababu ya nguo alizovaa, washa pikipiki, mpandishe, ondoka. Maswali baadaye.

Nilikutana na jamaa mtandaoni, nikaenda kwake Mamboleo. Wakatokea wenzake wawili, wakanipiga picha. Sasa anataka 20,000 la sivyo anazituma kwa mamangu. Nilipe? (Hakutaka jina)

Usilipe. Ukilipa leo, mwisho wa mwezi anarudi.

Pole, na samahani kwa ukali, lakini swali hili linanijia kila mara na halibadiliki ila jina la mtaa. Mtu humjui, ni mara ya kwanza, ni usiku, ni chumbani kwake, na hakuna rafiki hata mmoja anayejua uko wapi. Mara ya kwanza mnaonana mchana, mahali penye watu, na rafiki anajua mpaka meza mliyokaa. Asiyetaka hivyo ana sababu yake.

Sasa kazi ya leo. Usifute chochote. Hifadhi jumbe zote, pamoja na ile namba ya M-Pesa anayotaka utumie, maana imesajiliwa kwa jina la mtu. Kudai pesa kwa vitisho ni jinai, na kusambaza picha za siri za mtu ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018. Usiende kituoni peke yako. Nenda na wakili au msaidizi wa kisheria, toa taarifa ya kutishiwa na kudaiwa pesa, hakikisha umepewa namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, na usijitolee kusimulia yaliyotangulia. NGLHRC wana mawakili wanaozijua kesi hizi. Na kama yupo mtu mmoja nyumbani unayemwamini, mwambie wewe kwanza, leo, kabla huyo mhuni hajamwambia.

Nilikuja kwenye mafunzo nikitarajia kufundishwa kuandaa maandamano. Siku nzima tukaigiza kukamatwa. Mtaandamana lini? (Mwanafunzi, Maseno)

Kifungu cha 49 cha Katiba mnakijua nyote kwa moyo: uambiwe sababu ya kukamatwa kwa lugha unayoielewa, unyamaze ukitaka, uzungumze na wakili, ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Mnakikariri vizuri sana. Kisha mwenzenu akajifanya polisi, akanyoosha mkono akasema "fungua simu," na karibu nyote mkafungua. Simu hizo zina majina yetu sote. Ndiyo maana tulirudia mpaka mkachukia.

Tulirudia pia lile la kupelekwa hospitali "kupimwa". Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufaa, Mombasa, ilisema kumpima mtu sehemu ya nyuma kwa lazima ni kinyume cha Katiba. Bado wako watakaojaribu, na mtu hakatai asichojua kwamba anaweza kukikataa.

Maandamano ni haki yako, Kifungu cha 37. Ila anayetaka kuwapeleka vijana barabarani aniambie kwanza ni nani aliye na namba ya wakili, ni nani atabaki nje ya umati akihesabu watu, na watakaofungiwa mlango na wazazi baada ya kuonekana kwenye habari za jioni watalala wapi. Mwili wa Edwin Chiloba, mwanamitindo na mwanaharakati wa LGBTQ, ulipatikana ndani ya sanduku la chuma Uasin Gishu, Januari 2023. Jackton Odhiambo alihukumiwa miaka 50 jela kwa kumuua, huko Eldoret, Desemba 2024. Katikati kuna karibu miaka miwili ya kesi kutajwa, kuahirishwa na kusikilizwa. Kwenda kukaa kimya kwenye benchi la mahakama siku hizo zote ni harakati, ingawa hakuna anayekuja kukupiga picha.

Tunataka kuanzisha kikundi chetu Kakamega. Tuanze na nini? (Marafiki watatu)

Msianze na jina, nembo wala fulana. Anzeni na watu watano wanaoaminiana, sufuria ya chakula, na chumba chenye mlango wa nyuma usiofungwa kwa kufuli. Ikipita miezi kadhaa bila ugomvi wa pesa, ndipo mfikirie usajili. Wakati huo watafuteni NYARWEK, mtandao wa vikundi vya Nyanza, Bonde la Ufa na Magharibi; msijifanye wa kwanza duniani.

Nimevuka kutoka Uganda kwa sababu ya sheria yao ya 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja. Niko Busia. (Mgeni)

Jisajili na Idara ya Huduma za Wakimbizi mapema. Bila karatasi, kila kizuizi cha polisi ni mtihani. Na anayekuahidi Canada kwa pesa ni mwizi. Kuhamishiwa nchi nyingine kama mkimbizi hakuuzwi.

Mkutano ujao ni lini na wapi? (Msomaji aliyeandika majina yake yote matatu, namba ya simu na jina la plot anayoishi)

Barua yako nimeichana. Aliyekualika mara ya kwanza atakupigia.