Mimba zabibu na kutolewa kizazi
Dada, umeuliza kama kusafishwa mimba zabibu, yaani mimba isiyo ya kawaida ambayo kondo huota vifuko kama zabibu, kunamaanisha una saratani na lazima kizazi kitolewe. Hapana, hakumaanishi una saratani, na kizazi si lazima kitolewe. Ile mimba zabibu kamili, isiyo na mtoto kabisa, hugeuka ugonjwa wa kuhitaji dawa kwa wanawake kama 15 katika 100. Isiyo kamili, yenye dalili za mtoto, hawafiki 5. Na hao nao karibu wote hupona kwa dawa kama methotreksati, kizazi kikabaki. Ndiyo dawa ambayo madaktari Li na Hertz walimponyeshea mgonjwa kule Marekani mwaka 1956, saratani ikiwa imeshafika mapafuni.

Kazi ipo kwenye kufuatilia damu. Mdogo wangu alikuwa anatoka Mbagala alfajiri kila wiki kuwahi foleni ya kupima homoni ya mimba, hCG. Kadi yake ninayo mpaka leo: inaanza na laki na ushee, inashuka, inashuka, hadi chini ya 5. Baada ya hapo akawa anapima kila mwezi. Sasa ana mtoto wa kiume.

Ila usishike mimba nyingine mpaka daktari akuruhusu, maana mimba mpya nayo hupandisha homoni hiyo hiyo na ugonjwa ukirudi hauonekani. Tumia uzazi wa mpango, tena mwambie na mumeo. Ukitokwa damu bila mpangilio, au ukikohoa damu, usingoje tarehe ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo. Wakisema unahitaji dawa, Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, wanatibu.