Usimdake mkia: kwa mnaoanza kazi ya nyoka wa kinamasini

Siku yangu ya kwanza kinamasini nilimwona nyoka mdogo akipenya kwenye mafunjo, nikamdaka mkia. Akajizungusha kwa nguvu kama kamba inayosokotwa, na kufumba na kufumbua nimebaki na kipande cha mkia kinachapachapa kiganjani. Mwenyewe alishazama. Aliyekuwa ananifundisha kazi hakunigombeza, alinipa daftari tu akasema niandike nilichofanya. Niliandika kwa aibu. Kila masika namwona mgeni mwingine akirudia kosa lilelile, ndiyo maana nawaandikia mapema.

Nyoka huyu kitaalamu ni Natriciteres olivacea. Mjerumani Wilhelm Peters ndiye aliyemweleza kisayansi mwaka 1854, kwa kielelezo kilichotoka Tete, Msumbiji. Mtamkuta sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, mradi pawe na maji na majani. Ni mdogo, wengi wana sentimita 30 hadi 40. Rangi yake ni ya zeituni au hudhurungi, mara nyingi na mstari mpana uliokoza mgongoni, na magamba ya mdomo wa juu ni meupe au ya manjano yenye kingo nyeusi. Magamba ya mwili ni laini, safu 19 ukihesabu katikati ya mwili. Hana sumu na ni nadra kuuma. Anakula vyura, viluwiluwi na samaki wadogo, hata kumbikumbi mvua zikiwatoa. Jike hutaga mayai machache.

Sasa turudi kwenye mkia, maana hapo ndipo data nyingi huharibikia. Mjusi akikatika mkia, mfupa wenyewe hupasuka kwenye sehemu iliyoumbwa kwa ajili hiyo, kisha mkia mwingine huota. Mkia wa nyoka huyu hukatika kati ya pingili na pingili za uti wa mgongo, na hauoti tena. Aliyekatika jana na aliyekatika miaka miwili iliyopita wote wana kigutu, tofauti ni kidonda kibichi na kilichopona. Kwa hiyo ukipima urefu wote wa nyoka, kutoka puani hadi ncha ya mkia, ukaishia hapo, umepima kitu kisicho na maana. Pima kutoka puani hadi kwenye tundu la kinyesi, andika. Halafu pima mkia peke yake, na pembeni uandike kama ni mzima au ni kigutu. Ncha ya mkia mzima imechongoka na ina gamba moja la mwisho, ya kigutu ni butu. Usikisie jinsia kwa urefu wa mkia kabla hujahakikisha hilo, kwa sababu dume mwenye kigutu atakudanganya kuwa ni jike.

Na msiharakishe kuandika kwenye ripoti kwamba vigutu vikiwa vingi basi maadui ni wengi. Kigutu ni cha nyoka aliyenusurika. Aliyeliwa mzima hayumo kwenye daftari lako. Nimeona watu makini wakiteleza hapa.

Kumshika: mwinue kwa kumwegemeza mwili wote, vidole vilegee, apite mkono hadi mkono. Lakini hilo lifanyike baada ya kumtambua kwa uhakika, na hapa sina utani hata kidogo. Kwenye majani yaleyale huishi nyoka wadogo weusi wa jenasi ya Atractaspis, ambao humchoma mtu kwa jino la pembeni bila hata kufungua mdomo, na hakuna namna salama ya kuwashika kwa vidole. Wapo pia wa jenasi ya Causus, ambao ni jamii ya vipiri. Hao nao hufuata vyura na wana sumu. Ukisita, usiguse. Piga picha, andika "hajatambuliwa", endelea na kazi. Daftari lenye nafasi tupu ni bora kuliko mkono uliovimba.

Mitego ya ndoo, yaani ndoo zinazofukiwa ardhini ili wanyama watumbukie, inataka moyo wa huruma. Kinamasini maji ya chini huisukuma ndoo juu, au huijaza usiku mvua ikinyesha. Toboa matundu chini, weka kipande cha sponji kinachoelea ili mnyama apate pa kukalia, na uikague alfajiri kabla jua halijawa kali. Kupenda maji hakumaanishi kwamba nyoka huyu hawezi kufa maji ndani ya ndoo asiyoweza kutoka. Buti nazo zisafishwe na kukaushwa kabla ya kuhamia kinamasi kingine, maana kuna ukungu wa aina ya fangasi unaoua vyura na husafiri na tope. Vyura wakiisha, na yeye atakosa chakula.

Ukimaliza kupima, mrudishe palepale ulipomtoa, penye majani yaliyolala. Mweke chini, ulegeze kiganja, umwache aondoke kwa wakati wake.