Msaidizi wa nyumbani kwa mama, Minnesota: anzia hapa

Dada, umeuliza mama yako wa miaka 71, anayetembea kwa shida, apitie wapi kupata msaidizi wa nyumbani hapa Minnesota. Social Security waache kwanza. Hao ni wa serikali ya shirikisho, wanatoa pesa, hawaleti mtu wa kumwogesha. Piga Senior LinkAge Line, simu ya jimbo ya kuwasaidia wazee, 800-333-2433, ni bure, na umwombee mkalimani wa Kiswahili. Msimbebeshe mjukuu kazi ya kutafsiri habari za choo cha bibi yake!

Kisha ombeni kaunti tathmini ya MnCHOICES, yaani mahojiano ya kupima msaada anaouhitaji mama. Hapo ndipo wazee wetu wanapojinyima. Wakiulizwa kama wanaoga wenyewe, wanajibu "naoga, namshukuru Mungu," kwa kuona haya tu. Mketishe mapema, mwambie aeleze siku zake mbaya zilivyo, kwa sababu saa za msaada hupangwa kutokana na majibu hayo. Akiwa na Medical Assistance (bima ya afya ya jimbo kwa wenye kipato kidogo) na akikubaliwa, mpango wa CFSS, unaolipia wasaidizi wa nyumbani, unaweza kukulipa hata wewe mwanawe umhudumie.

Mdogo wako mwenye ulemavu apige Disability Hub MN, simu ya jimbo ya kuwasaidia wenye ulemavu, 866-333-2466.