London hadi Inverness kwa pikipiki mwezi Novemba

Ndugu yangu, umeuliza kama kilomita 900 hivi kutoka London hadi Inverness, kaskazini mwa Uskoti, zinawezekana kwa siku mbili katikati ya Novemba. Nakusihi utumie siku tatu, kwa sababu huko kaskazini jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, na barabara ya A9 hupanda hadi mita 460 hivi pale kwenye mpito wa milimani wa Drumochter, ambako mvua ya bondeni huweza kugeuka theluji. Vaa koti la mvua kabla haijaanza kunyesha, mikono yake ifunike glavu ili maji yasichuruzike viganjani, maana vidole vilivyokufa ganzi havikamati breki sawasawa. Glavu nyingine kavu zifunge kwenye mfuko wa nailoni. Penye majani yaliyolowa, punguza mwendo kabla ya kukata kona.