Majibu kwa Wasomaji: Ritani ya Ushuru na Nafuu Inayotafutwa Mapema

Barua nyingi zilizofika mezani kwangu tangu Machi zinahusu ritani ya ushuru wa mapato ya mwaka 2025, ambayo huwasilishwa kwa Mamlaka ya Ushuru Kenya, KRA, kabla ya Juni 30 kupita. Katika majibu haya neno "ushuru" ni la serikali na "kodi" ni ya nyumba, kama tunavyozungumza hapa kwetu. Wasomaji wa Tanzania watuwie radhi.

Swali: Mshauri, hujambo. Nimeajiriwa na kampuni ya kibinafsi na mshahara wangu ni Sh80,000 kwa mwezi. Mwenzangu ofisini anasema ipo namna ya kujaza ritani ili urudishiwe pesa, lakini hataki kuisema. Ni namna gani hiyo? – Msomaji, Nakuru

Jibu: Sijambo, ndugu. Huenda mwenzako hasemi kwa sababu hana la kusema. Ritani ni hesabu ya mwaka uliokwisha kupita, na haiwezi kuumba nafuu ambayo hukuitafuta mwaka huo ulipokuwa bado unaendelea. Chukua hati yako ya mshahara ya mwezi wowote kati ya Februari na Desemba 2025 tuisome pamoja. Katika hizo Sh80,000, mfuko wa pensheni wa taifa, NSSF, ulichukua Sh4,320, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75, yaani Sh2,200, na tozo ya nyumba za bei nafuu asilimia 1.5, yaani Sh1,200. Tangu Desemba 27, 2024, makato hayo matatu huondolewa kwanza ndipo ushuru upigwe, kwa hiyo unaotozwa ni Sh72,280 na si 80,000. Sh24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, Sh8,333 zinazofuata asilimia 25, na zilizobaki, Sh39,947, asilimia 30. Jumla ni Sh16,467, na ukitoa nafuu ya kila mkazi, Sh2,400 kwa mwezi, ulikatwa Sh14,067.

Sasa angalia ile asilimia 30, kwa kuwa ndiyo inayogusa shilingi zako za juu. Kila shilingi utakayoiondoa hapo kihalali kabla ya ushuru kupigwa inakuachia senti 30. Mlango mpana kuliko yote kwa mwajiriwa ni mchango wa pensheni katika mpango uliosajiliwa. Sheria inaruhusu hadi Sh30,000 kwa mwezi, au asilimia 30 ya mshahara unaohesabiwa pensheni, au kiasi ulichochanga hasa, ile iliyo ndogo kati ya hizo tatu, na NSSF imo humo humo. Kwako wewe kikomo ni Sh24,000. Kwa viwango vya 2025 NSSF ilikula Sh4,320, kwa hiyo ulibakiwa na nafasi ya Sh19,680 kila mwezi. Ukichanga Sh10,000, ushuru wako unashuka kwa Sh3,000 kwa mwezi, Sh36,000 kwa mwaka. Ubaya wake ni kwamba pesa hizo zimefungiwa hadi uzeeni, na mwenye watoto wa shule ajipime kwanza kabla ya kuahidi kiasi asichokiweza.

Bima ya maisha, ya afya au ya elimu inafuata njia nyingine. Haipunguzi mapato, bali hupunguza ushuru wenyewe kwa asilimia 15 ya malipo yako, isizidi Sh5,000 kwa mwezi, na bima ya elimu sharti iwe ya miaka kumi au zaidi. Anayelipia Sh4,000 kwa mwezi anapata nafuu ya Sh600. Kwa maoni yangu, Sh600 si sababu ya mtu kununua bima ambayo hakuihitaji, hata wakala akisema nini. Mwenye mkopo wa kununua nyumba anayoishi mwenyewe, kutoka benki au taasisi nyingine iliyotajwa na sheria, huondoa riba ya hadi Sh360,000 kwa mwaka kabla ya ushuru. Akiba ya sako, marejesho ya mkopo wa masomo wa HELB na karo za shule hazipunguzi chochote, ingawa kila mwaka huniletea barua za watu walioamini zinapunguza.

Kuhusu 2025, kimebaki kitu kimoja tu cha kufanya: kama ulilipia bima au pensheni mwaka huo na mwajiri hakuhesabu nafuu yake, unaweza kuidai katika ritani hii ukiwa na cheti cha malipo kutoka kwa kampuni husika. Kwenye ukurasa wa kwanza wa fomu utaulizwa kama una bima na kama una mkopo wa nyumba, na jibu ni Ndiyo au Hapana. Ukibofya Hapana, ukurasa wa kujazia bima hautatokea kabisa. Mimi mwenyewe mwaka mmoja nilibofya Hapana kwa haraka, kisha nikatafuta ukurasa huo kwa karibu saa nzima nikiulaumu mtandao.

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya kibinafsi mchana, na jioni hufundisha katika chuo kimoja mjini. Waajiri wote wawili wamenipa fomu ya P9, ile inayoonyesha mshahara na ushuru uliokatwa mwaka mzima. Nilipojaza zote mbili nilionyeshwa nadaiwa Sh79,200! Mshahara wa mchana nimekatwa ushuru kila mwezi, sijaruka hata mmoja. Hili si kosa la mtambo? – Mwalimu, Voi

Jibu: Pole, Mwalimu. Nimezipiga upya hesabu ulizonitumia na mtambo hauna kosa. Baada ya makato, mshahara wako unaotozwa ushuru shuleni ni Sh52,000 kwa mwezi, na chuoni Sh22,000. Shule ilikukata Sh7,983 kila mwezi, sawasawa kabisa. Chuo nacho kilikuchukulia kama mtu asiye na kazi nyingine: kikahesabu asilimia 10 ya Sh22,000, kikapata Sh2,200, kikatoa nafuu ya Sh2,400, kikaona hudaiwi kitu. Lakini nafuu hiyo ni moja kwa mtu mmoja, na kiwango cha asilimia 10 nacho hutumika mara moja tu, wewe ukiwa umevitumia vyote shuleni. Mapato ya chuo yalipoongezwa juu ya yale ya shule, yote yaliangukia asilimia 30. Asilimia 30 ya Sh22,000 ni Sh6,600, mara miezi 12 ni Sh79,200.

Ushuru unaobaki baada ya mwaka kwisha ulitakiwa kulipwa kufikia Aprili 30. Kuchelewa kunaongeza faini ya asilimia 5, ambayo kwako ni Sh3,960, na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi. Wasilisha ritani kwa wakati hata kama huna pesa zote mkononi, kwa kuwa kutowasilisha kuna faini yake peke yake: Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, ile iliyo kubwa. Kisha iandikie KRA uombe kulipa kwa awamu, na uje na kiasi cha mwezi unachojua utakimudu.

La pili, wiki hii hii nenda kwa mhasibu wa chuo umwambie kwa maandishi kwamba chuo ni ajira yako ya pili, ili asikupe tena nafuu ya Sh2,400 na akukate kwa asilimia 30. Mshahara wa jioni utapungua na hutaufurahia. Walakini ni afadhali Sh6,600 kila mwezi kuliko mzigo wa Sh79,200 kila Juni. Na kwa kuwa mapato yako yote ya jioni yako kwenye asilimia 30, yale niliyomwambia msomaji wa Nakuru kuhusu pensheni yanakuhusu wewe kuliko yeye.

Swali: Nilifanya kazi kuanzia Januari hadi Juni 2025, kisha mkataba ukaisha, na hadi leo sina kazi. Nilienda saibakafe, kijana wa pale akaniuliza, "Uko na kazi?" Nikajibu sina. Akanijazia ritani ya sufuri kwa Sh100, dakika tatu tukamaliza. Kuna shida? – Kijana, Thika

Jibu: Ipo shida, na pengine imekugharimu pesa. Swali lililokupasa kuulizwa ni kama ulikuwa na mapato yoyote katika mwaka 2025, si kama una kazi leo. Ritani ya sufuri ni tamko kwamba hukupata hata senti, ilhali mwajiri wako amekwisha kupeleka KRA rekodi za mishahara yako pamoja na nambari yako ya mlipa ushuru, PIN.

Tazama sasa ulichokipoteza. Unasema mshahara wako baada ya makato ya NSSF na mengineyo ulikuwa Sh45,000. Kila mwezi mwajiri alikukata Sh5,883 kana kwamba ungefanya kazi mwaka mzima, na kwa miezi sita hizo ni takriban Sh35,300. Viwango vya ritani ni vya mwaka, lakini: mapato yako yote ya 2025 ni Sh270,000, ambayo hayafiki hata Sh288,000 zinazotozwa asilimia 10. Ushuru wake ni Sh27,000 na nafuu ya mwaka ni Sh28,800, kwa hiyo hukudaiwa chochote, na ulichokatwa ni chako. Mwombe mwajiri wako wa zamani fomu ya P9, uwasilishe ritani ya marekebisho badala ya ile ya sufuri, kisha uombe kurejeshewa. Madai ya namna hii hupokelewa ndani ya miaka mitano tangu ushuru ulipolipwa, kwa hiyo hujachelewa. Hakikisha tu kwamba akaunti ya benki uliyoandika ni yako na ingali hai. Saibakafe unaweza kurudi, ila safari hii keti mwenyewe mbele ya kompyuta.

Swali: Mimi ni mjane na nina vyumba vinane vya kupangisha, kila kimoja Sh4,500. Sina mapato mengine. Nalipa ushuru wa kodi ya nyumba kila mwezi bila kukosa. Mwaka jana nilikarabati paa kwa Sh140,000. Je, gharama hiyo naweza kuitoa kwenye ritani? – Mama wa Likoni

Jibu: Shikamoo, Mama. Kwa 2025 jibu ni hapana. Mwenye nyumba za makazi zinazoingiza zaidi ya Sh288,000 lakini zisizozidi Sh15 milioni kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 ya kodi yote anayopokea, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na hapo hesabu imefungwa: hakuna kutoa gharama wala kuyaleta tena mapato hayo kwenye ritani ya mwaka. Vyumba vyote vikijaa unapokea Sh36,000 na kulipa Sh2,700, ambazo kwa mwaka ni Sh32,400. Chumba kikikaa kitupu hulipi chochote kwa ajili yake, maana ushuru ni wa kodi iliyopokelewa.

Sheria hata hivyo inakuruhusu kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba unataka kutoka katika utaratibu huo, uhesabiwe kwa njia ya kawaida pamoja na gharama zako. Nimekupigia hesabu zote mbili. Katika mwaka usio na gharama kubwa, njia ya kawaida ingekutoza Sh38,200, na asilimia 7.5 ni afadhali. Katika mwaka wenye ukarabati wa Sh140,000, mapato ya kutozwa yanashuka hadi Sh292,000, na baada ya nafuu ya mwaka ungelipa Sh1,000 tu. Tofauti ni kubwa, na imetokana na kutokuwa na mapato mengine. Mwenye mshahara unaofika asilimia 30 asikuige, kwa sababu yeye angetozwa Sh87,600 kwa nyumba hizo hizo na paa hilo hilo.

Kwa hiyo barua kwa Kamishna iandikwe mapema, kwa ajili ya mwaka ambao unajua utakuwa na matengenezo mazito, na kujenga vyumba vipya hakuhesabiwi kuwa matengenezo. Tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mtambo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kwa kawaida hukataliwa. Mabati na misumari ya dukani haitakusumbua. Fundi anayekuandikia risiti nyuma ya karatasi ya saruji ndiye wa kuzungumza naye kabla hajapanda ngazi.

Swali: Nimemaliza kujaza na mtambo unaonyesha KRA itanirejeshea Sh28,800 kamili! Nimeajiriwa mahali pamoja mwaka mzima. Niwasilishe? – Mwenye furaha, Eldoret

Jibu: Usiwasilishe bado. Sh28,800 ni nafuu ya mwaka mzima, na ikijitokeza kamili namna hiyo, karibu kila mara maana yake ni kwamba umehesabu nafuu hiyo mara mbili. Rudi kwenye sehemu ya ushuru uliokatwa na mwajiri: umenakili kutoka kwenye P9 safu ya ushuru kabla ya nafuu, badala ya safu ya mwisho yenye kiasi kilichokatwa hasa. Rekebisha nambari hiyo moja, na jibu litakuwa sufuri au shilingi chache. Kisha wasilisha, upakue stakabadhi ya kupokelewa, na uihifadhi pamoja na P9 yako kwa miaka mitano.