Usitume salio la hoteli kabla hujaangalia mwezi

Simama hapo hapo. Salio hilo usilitume leo.

Kwa wanaoingia sasa hivi: mwenye uzi anampeleka mama watoto na watoto wake Zanzibar likizo ya shule. Amepata hoteli ya bei nafuu Paje, upande wa mashariki, ameshalipa nusu, na anauliza wafanye nini huko, wapande ndege au basi, chakula kikoje, pesa abadilishe wapi. Mmemjibu kwa picha za machweo na kusifia urojo. Sawa. Mimi kilichonikaba ni mstari alioupitisha haraka katikati: "wakala ametupangia wikiendi ya mwezi mpevu, anasema bahari huwa nzuri zaidi."

Ssebo, maneno hayo hayo niliuziwa mimi. Mwezi mpevu, bahari nzuri, familia itafurahi, lipa mapema upate punguzo, na punguzo lenyewe halirudishwi ukibadili tarehe. Nikalipa, tena kwa tabasamu.

Tatizo letu watu wa huku ni kwamba tumelelewa na ziwa. Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, ina mawimbi, ina dhoruba, inazamisha mitumbwi, lakini haiondoki. Ukilala Lutoboka kule Kalangala, asubuhi maji yako palepale ulipoyaacha jana usiku. Kwa hiyo mtu wa Kampala akiona picha ya hoteli, mchanga mweupe, maji ya kijani na mnazi umeinama, hana kichwani hata chembe ya swali la kuuliza: haya maji yapo saa ngapi? Na wakala wangu, ambaye naamini hajawahi kulowesha hata soksi baharini, hakuwa nalo pia. Tofauti ni kwamba yeye alilipwa.

Tulifika jioni, maji yamejaa hadi karibu na viti vya hoteli. Nikapiga picha, nikawatumia shemeji zangu wote, hasa yule aliyesema sina uwezo. Watoto nikawaahidi: kesho asubuhi, chai ikishuka tu, tunaingia majini.

Asubuhi tukashuka na maboya na taulo. Bahari hakuna. Simaanishi ilikuwa imepungua. Mbele yetu palikuwa uwanja wa mpira baada ya mvua: tope la mchanga, madimbwi, majani ya bahari, ngalawa zimelala ubavu, na mbali kabisa mstari mweupe wa mawimbi yakigonga mwamba. Mtoto wangu mdogo akauliza, "Baba, maji wameyapeleka wapi?" Nikamtazama kijana wa mapokezi. Akasema kwa upole wa kwao, "Yamekupwa, mzee. Yatajaa saa kumi jioni."

Saa kumi jioni! Jua kule linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima. Piga hesabu mwenyewe likizo yako inabaki na saa ngapi za kuogelea, ukitoa upepo na watoto waliokwisha kuchoka kwa kusubiri.

Nikajifanya mjanja. Nikasema kama bahari haiji, tutaifuata. Tukatembea, tukatembea tena, maji ya kifundo cha mguu, halafu hakuna, halafu kifundo tena. Mkubwa akakanyaga mmoja wa wale viumbe weusi wa miiba mirefu wanaojificha kwenye matumbawe, kilio kikafika Tanga. Nikiwa nimeinama natoa miiba, mama mmoja aliyekuwa akifunga mwani kwenye kamba zake akanyanyua uso akatuita.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Rudisha watoto ufukweni. Maji yameanza kujaa, na hapo nyuma yenu pana mkondo, unajaa kabla ya huku."

Nikageuka. Pale tulipopita na maji ya kifundo palikuwa pameshafika magotini, na yanakimbia. Mtoto mgongoni, mwingine mkononi, mama watoto hasemi neno na mnajua maana yake. Tulitoka salama. Yule mama alitusindikiza nusu ya njia, na ndiye aliyenifundisha bila malipo kile ambacho wakala aliyechukua kamisheni alishindwa: "Mmekuja na bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu. Mngengoja mwezi ubaki nusu, maji yasingewakimbia hivi."

Nilimpigia wakala jioni ile. Akasikiliza malalamiko yote, kisha akauliza, "Lakini boss, mwezi mmeuona?" Tumeuona, ndiyo. Ulikuwa mkubwa, umesimama juu ya tope.

Halafu ndipo pesa zikaanza kutoka. Watoto wanataka kuogelea asubuhi, na mimi nilishaahidi. Tukakodi teksi hadi Kendwa, kaskazini kabisa mwa kisiwa, mwendo mrefu kila upande. Kesho yake tena. Mwishoni nauli ya teksi ilishinda bei ya chumba, na chumba chenyewe tulikitumia kulala tu, kilometa kibao kutoka kwenye maji tuliyokuwa tunayaogelea. Ile "bei nafuu" nikaielewa. Sisemi hoteli ni mbaya. Walikuwa watu wema, vitanda safi, samaki mtamu. Ila mtu mwenye watoto wadogo, aliyelipa ili waogelee asubuhi, hakupaswa kupelekwa pale tarehe zile.

Sasa sikiliza jinsi inavyokwenda, maana kanuni yenyewe ni rahisi hadi inaudhi.

Bahari ya Zanzibar hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kama saa sita kati ya kujaa na kupwa. Kila siku nyakati zinasogea mbele kwa dakika kama 50. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, jua na mwezi vinavuta pamoja, linakuja bamvua: maji yanapanda sana na kushuka sana, tofauti zaidi ya mita 3. Mara nyingi siku kali zaidi ni moja au mbili baada ya mwezi kukamilika, kwa hiyo usinidanganye kwamba mtaondoka Jumatatu asubuhi. Mwezi ukiwa nusu, mvutano unapingana, yanakuwa maji mafu: yanapanda kidogo, yanashuka kidogo.

Mita 3 si nyingi ukizipima ukutani. Lakini pwani ya mashariki, kuanzia Jambiani, Paje, Bwejuu na kupanda hadi Matemwe, ufuo wake ni tambarare hadi kwenye mwamba wa matumbawe ulioko mbali. Ukishusha maji mita chache kwenye sakafu iliyolala hivyo, yanarudi nyuma mamia ya mita. Ndiyo maana mwani unalimwa huko. Kina mama hawakuchagua mahali hapo kwa ajili ya mandhari.

Na hapa ndipo wakala wako alipokuchimbia shimo. Kwa Unguja, siku za bamvua maji huwa yamekupwa kabisa asubuhi, kuanzia saa nne hivi kwenda saa tano, na kujaa alfajiri na alasiri. Yaani wikiendi ya mwezi mpevu ndiyo wikiendi ambayo familia ikimaliza chai inakuta tope. Siku za maji mafu mambo yanageuka: maji yanajaa asubuhi, yanapungua alasiri, na hata yakipungua hayaendi mbali. Wiki moja tu kabla au baada, hoteli ile ile, kitanda kile kile, inakuwa likizo nyingine.

Kwa hiyo una njia mbili. Kama tarehe haziwezi kusogea, hama upande: Kendwa, au Nungwi upande wa magharibi, ambako hakuna uwanda mpana wa matumbawe mbele ya ufuo na chini kunashuka upesi, unaogelea karibu saa zote. Angalia nimesema magharibi. Nungwi upande wa mashariki nao hupwa, na kuna watu wameuziwa "Nungwi" wakafika wakakuta yale yale. Ni ghali zaidi na kuna muziki, lakini linganisha na teksi yangu kwanza. Kama hoteli haiwezi kubadilika, basi sogeza tarehe hadi mwezi wa nusu. Mengine yote unayouliza ni mapambo.

Na usidhani ratiba ya maji inahusu kuogelea tu. Ulisema watoto wanataka kwenda kwenye fungu la mchanga, lile Nakupenda karibu na mji. Fungu hilo maji yakijaa linazama. Ukifika saa isiyofaa utapiga picha ya maji ukiambiwa "hapo chini ndipo lilipo". Kwenda kisiwa cha Mnemba kuzamia na miwani, boti za Matemwe asubuhi ya bamvua zimeelea mbali, utazifuata kwa miguu na mtoto begani. Ule mgahawa wa juu ya jabali pale Pingwe unaoonekana kwenye simu za kila mtu, maji yakikupwa unauendea kwa miguu, yakijaa unapelekwa na mashua, kwa hiyo mama watoto asivae viatu vya harusi mpaka mjue saa.

Kama bado mtaangukia bamvua, basi asubuhi msikae hotelini mkitazama tope na kulaumiana. Nendeni msitu wa Jozani mkawaone kima punju, maana kima hawasubiri maji kujaa. Iko njiani kati ya mji na Paje. Kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu watoto watawapenda. Mji Mkongwe unatosha asubuhi nzima. Au mwombeni mwenyeji anayejua mikondo awatembeze kwenye mashamba ya mwani, mkiwa na viatu vya plastiki miguuni, wote, hata wewe uliyekulia Bugiri bila viatu. Na mkirudishwa ufukweni, rudini. Alasiri ndiyo mwende majini. Kuhusu pomboo wa Kizimkazi sina hamu ya kuandika. Tuliona boti nyingi zikiwafukuza wanyama wachache kama askari wanavyofukuza wachuuzi Kampala, nikawaonea huruma pomboo.

Mambo madogo, haraka haraka: kadi ya homa ya manjano ni lazima, kwa sababu mnatoka Uganda, na chanjo iwe imechomwa siku 10 au zaidi kabla ya kufika. Acha kavera zote nyumbani, Tanzania haitaki mifuko ya plastiki. Machi mpaka Mei ni masika, nunua mwavuli badala ya boya. Ikiwa Ramadhani, msile barabarani mchana. Na vaeni nguo za staha mkitoka ufukweni kuingia vijijini, hata kama mtalii wa Ulaya mbele yenu kasahau.

Yule aliyeandika hapo juu kwamba aachane na Zanzibar aende visiwa vya Ssese, huku ziwani kwetu, sikupingi. Kivuko cha Bukakata kwenda Luku ni bure, meli ya kutoka Nakiwogo, Entebbe, ulizia kwanza saa yake, na ziwa halina bamvua. Lakini huko nako msiache watoto wachezee maji ya kina kifupi penye matete karibu na vijiji vya wavuvi, konokono wa kichocho wako hapo, na hakuna wakala anayeweka konokono kwenye tangazo. Mkirudi wapeleke wakapimwe, dawa ipo. Hiyo ni mada nyingine, fungueni uzi wake nitakuja kugomba huko pia.

Mwenye uzi, kazi yako ya leo ni hii. Mpigie mtu wa hoteli mwenyewe, si wakala. Muulize: tarehe nitakazokuwepo, maji yanajaa saa ngapi asubuhi, na yakikupwa yanafika wapi? Mtu wa Paje anajibu hilo bila kufungua kitabu, na mara nyingi atakwambia ukweli kwa sababu hakuona sababu ya kukuficha, ni wewe tu hukuuliza. Jedwali za kupwa na kujaa za bandari ya Zanzibar ziko mtandaoni, weka tarehe zako uone. Kisha mpigie wakala umwombe akueleze mwezi mpevu unafanya nini baharini. Akijibu neno "mahaba", mwombe nusu yako irudi.

Andika hapa tarehe kamili na jina la hoteli, nitakuangalizia mimi. Niko dukani hadi usiku na wateja leo ni wachache.